Yadi ya kupangia mabehewa ni nini?

Tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lifunguliwe Mei 2021, barazani kwetu habari za reli haziishi, ingawa reli yenyewe bado iko kwenye ramani. Juzi mzee mmoja akauliza: treni ya mizigo ikifika na mabehewa ya miji mbalimbali, nani huyachambua?

Huchambuliwa kwenye yadi ya kupangia mabehewa. Treni inayoingia hukatwa vipande, kila behewa likaenda kwenye njia ya treni yake mpya. Yadi kubwa, kama Maschen karibu na Hamburg au Bailey kule Nebraska, Marekani, hutumia kilima. Injini husukuma mabehewa polepole hadi kileleni, kiungo hufunguliwa, behewa likateremka peke yake bila dereva. Kompyuta hugeuza swichi za reli mbele yake, yaani vipande vya reli vinavyohamisha behewa kutoka njia moja hadi nyingine.

Kugeuza swichi ni rahisi. Kazi iko kwenye mwendo. Mtazame hamali anayeteremsha mkokoteni wa saruji: hukandamiza kile kipande cha tairi nyuma, akaachia, akakandamiza tena. Behewa halina hamali, basi breki imefungwa relini: vyuma viwili vinavyobana gurudumu ubavuni. Mizani imeshapima uzito, rada inasoma mwendo papo hapo, na kompyuta inajua nafasi iliyobaki hadi behewa lililotangulia. Mwendo ukishuka vya kutosha, vyuma huachia. Mabehewa yanatakiwa yagusane kwa kilomita kama 5 kwa saa, mwendo wa mtu aendaye sokoni. Mwendo ukizidi, mzigo huvunjika. Ukipungua, behewa hukwama katikati ya njia.

Na breki hupunguza tu, haiongezi. Kwa hiyo kilima hupimwa kwa behewa gumu kuteremka kuliko yote, tuseme tupu, linalopigwa na upepo usoni. Hilo likifika, mengine yote ni ya kubanwa.

Kabla ya breki hizo kufungwa kwenye yadi ya Gibson, Indiana, Marekani, mwaka 1924, watu walipanda juu ya mabehewa yakiteremka, wakizungusha breki kwa mkono. Wengi waliumia.

Mzee akataka kujua kama kilima hicho kitajengwa huku kwetu. Sidhani. Makontena yanayokwenda mahali pamoja huondoka treni nzima, hakuna cha kuchambua. Akauliza urefu wa kilima kwenda juu. Mita chache tu, nikamwambia, akadhani namtania.