Mwenzetu akifungwa kwa mgomo, barua za mbali huanzia kwenye karatasi za hapa

Tarehe 9 Desemba 1941, hapa Lubumbashi, mji ulioitwa Élisabethville wakati ule, wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga waliogoma kudai mshahara walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, msemaji wao, aliuawa pamoja na wenzake wengi. Sheria ya mkoloni haikuwaruhusu Waafrika kuunda sendika, yaani vyama vya wafanyakazi, mpaka 1946, kwa hiyo hapakuwa na chama chao ambacho kingewaandikia wafanyakazi wa nchi nyingine.

Leo sheria tunayo. Katiba ya 2006 inalinda uhuru wa sendika katika kifungu cha 38 na haki ya kugoma katika kifungu cha 39. Kongo imeridhia pia Mkataba namba 98 wa Shirika la Kazi Duniani, na mwaka 2001 namba 87, mikataba inayolinda haki ya kuunda sendika na kujadiliana na mwajiri. Hata hivyo, katika kituo chetu cha sheria ya kazi bado tunapokea familia ambazo mtu wao amechukuliwa baada ya mgomo, na ombi lao la kwanza ni kwamba watu wa Ulaya wapige kelele. Ombi hilo ni la haki. Lakini kelele isiyo na karatasi haifiki mbali.

Karibu hakuna hati ya mashtaka inayosema mtu amefungwa kwa kugoma. Huandikwa uchochezi, uharibifu wa mali, au kuvuruga usalama. Chhim Sithar, kiongozi wa wafanyakazi wa kasino ya NagaWorld nchini Kambodia, alihukumiwa miaka 2 mwezi Mei 2023 kwa uchochezi, ingawa kisa chenyewe kilikuwa mgomo ulioanza Desemba 2021. Alikuwa ameachiwa kwa dhamana, akakamatwa tena Novemba 2022 aliporudi kutoka mkutano mkuu wa Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Wafanyakazi huko Australia. Vyama vya nchi nyingi vilimtetea, naye akatumikia kifungo chote. Nalitaja hili kwa sababu familia zina haki ya kujua: mshikamano haufungui mlango wa gereza kila mara. Unachofanya ni kumzuia mfungwa asisahauliwe, na kuilazimisha serikali ijibu kwa maandishi.

Jibu hilo hudaiwa kupitia Kamati ya Uhuru wa Kujiunga, iliyoundwa 1951 ndani ya Shirika la Kazi Duniani. Wawakilishi wa serikali, waajiri na wafanyakazi hukaa humo pamoja. Kamati imeshikilia kwa miaka mingi kwamba mtu asifungwe kwa kuandaa tu mgomo wa amani au kushiriki ndani yake, na kesi zinazogusa uhai au uhuru wa mtu huzipa kipaumbele. Ila haipokei malalamiko ya mtu mmoja mmoja. Lazima yatoke kwenye sendika au shirikisho, yawe yameandikwa na kutiwa sahihi.

Hapo kazi inarudi kwetu. Kifungu cha 18 cha katiba kinasema kumweka mtu kizuizini kabla ya kumwachilia au kumkabidhi kwa mamlaka ya kimahakama kusizidi saa 48, na kwamba aruhusiwe mara moja kuwasiliana na familia na avoka (wakili) wake. Basi andikeni saa aliyochukuliwa, nani alimchukua, amepelekwa ofisi gani, sababu gani ilitajwa. Tunzeni nakala ya madai mliyompa mwajiri na karatasi za usuluhishi kwa inspekta wa kazi, maana mwajiri atasema mgomo haukufuata utaratibu. Picha na jina lake visisambazwe kwenye WhatsApp kabla yeye mwenyewe au familia haijakubali.

Msaada wa pesa upitie kwenye sendika, kwa risiti. Katika magereza yetu, Kasapa ikiwemo, mfungwa hula hasa kile anacholetewa na watu wake, na mke ambaye mshahara wa nyumba umekatika hawezi kupeleka sahani kila siku. Chama cha ng'ambo kikiuliza kisaidie nini, sisi hutaja kwanza chakula, halafu nauli ya familia, halafu avoka.

Akishatoka, faili lisifungwe. Ombi la kurudishwa kazini na kulipwa mishahara iliyopotea nalo huweza kupelekwa mbele ya Kamati, na ni sendika ileile inayopaswa kuliandika.