Umeme Umerudi kwa Serikali: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Tangu tarehe 1 Aprili 2025, nguzo, nyaya na mita za Uganda zilizokuwa chini ya kampuni binafsi iitwayo Umeme kwa miaka 20 zinaendeshwa na UEDCL, shirika la serikali la kusambaza umeme. Kuanzia Busia hadi Mbarara yanasemwa mengi kuhusu mabadiliko hayo, na baadhi yanamwacha mteja bila kinga.

"Kampuni binafsi imeondoka, sasa tuko salama."

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Mteja wa Jinja alikuwa na muuzaji mmoja Machi 2025, na leo bado ana muuzaji mmoja. Huduma ikimchosha hawezi kuhama kama anavyohama laini ya simu. Umiliki wa serikali nao si mgeni kwetu: Uganda Electricity Board ilishika kila kitu, toka bwawa la Owen Falls hadi mita ya nyumbani, mpaka ilipogawanywa mwaka 2001 kuwa mashirika matatu. Kampuni ya Umeme ilipoanza kazi mwaka 2005, takriban asilimia 38 ya umeme ilikuwa ikipotea njiani kwa nyaya chakavu na wizi.

Kinachonitia wasiwasi ni mdhibiti. Wajumbe wa ERA, mamlaka inayosimamia sekta hii, huteuliwa na waziri kwa idhini ya Baraza la Mawaziri, na sasa wanatakiwa kuibana kampuni ya serikali ileile. Sheria inawapa uhuru, lakini uhuru huo unahitaji ulinzi. Uteuzi wao upitie Bunge. Malengo ya UEDCL, yaani saa za kukatika umeme na siku za kumuunganisha mteja mpya, yatangazwe wilaya kwa wilaya. Na adhabu iwaguse wakuu wa shirika, kwa sababu faini ya shirika la umma mwishowe hutoka mfukoni mwa mwananchi.

"UEDCL inajipangia bei."

Hapana. Bei huidhinishwa na ERA, kisha hurekebishwa kila robo mwaka kufuata thamani ya shilingi kwa dola, mfumuko wa bei na gharama ya mafuta. Ndani yake mna kiwango cha upotevu wa umeme kinachoruhusiwa. Kampuni ikikipita, hasara ni yake. Kiwango kikilegezwa, kinyozi wa Kawempe anayenunua Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa uaminifu anamlipia aliyejiunganishia kwenye nguzo usiku. Tarakimu hiyo moja inastahili kelele zetu kuliko bei yenyewe, ila wakati inapojadiliwa mteja mdogo hana mhasibu wa kumtetea. Apewe mmoja, kwa sheria.

"Karuma imewaka, bei itashuka."

Karuma, bwawa la umeme lenye megawati 600, ilizinduliwa Septemba 2024, lakini mkopo wake kutoka China lazima ulipwe. Isitoshe, mikataba ya kununua umeme inaweza kudai malipo kwa mtambo ulio tayari hata umeme wake usipochukuliwa. Umeme usiofikishwa kwa mtumiaji nao una gharama.

"Yaka hula pesa mwanzo wa mwezi."

Ununuzi wa kwanza wa mwezi hukatwa ada ya huduma, na kodi ya VAT ya asilimia 18 iko palepale. Uniti 15 za kwanza za nyumbani zimekuwa zikiuzwa kwa bei ya unafuu, shilingi 250. Zinazofuata zina bei ya juu zaidi. Ndiyo maana shilingi 10,000 zilezile hazileti uniti zilezile.

"Kulalamika ni kupoteza muda."

Anzia ofisi ya kampuni, na usiondoke bila namba ya lalamiko lako. Wasipokujibu, peleka ERA. Usiporidhika huko, lipo Baraza la Migogoro ya Umeme, lililoundwa na Sheria ya Umeme ya 1999, na uamuzi wake unaweza kukatiwa rufaa Mahakama Kuu.