Hakuna klabu inayoitwa Athletic Bilbao: jinsi ya kuzisoma klabu za Hispania

Jina kamili ni Athletic Club, basi. Mji haumo. Mtangazaji akisema "Atletico Bilbao" shabiki wa pale hukunja uso, na ana haki. Hilo ndilo jina ambalo serikali ya Franco, dikteta wa Hispania, iliibandika klabu kwa lazima mwaka 1941, ilipopiga marufuku maneno ya kigeni kwenye majina ya klabu. "Athletic" ni Kiingereza, kwa hiyo ikageuzwa "Atlético", na klabu ikalibeba jina hilo zaidi ya miaka 30, hadi 1972.

Ninaanzia hapo kwa sababu wachambuzi wetu wengi wakigusa soka la Hispania hukimbilia "mapenzi ya mashabiki" na "utamaduni wa jiji". Mapenzi yapo kila mahali. Kilicho tofauti Hispania ni kwamba utambulisho wa klabu umeandikwa: kwenye jina, kwenye nembo, kwenye kanuni ya nani anasajiliwa, na kwenye daftari la wanachama au wenye hisa. Hayo makaratasi ndiyo yaliyopiganiwa.

Amri ile ile ya 1941 iligeuza herufi za Barcelona. Leo klabu inaitwa Futbol Club Barcelona, na "Futbol" haina alama juu ya u kwa sababu hicho ni Kikatalani, lugha ya Katalunya, eneo ulipo mji wa Barcelona. Chini ya Franco ikawa Club de Fútbol Barcelona, na nembo ikasomeka CFB badala ya FCB. Kona moja ya juu ya nembo ina msalaba wa Mtakatifu George, na kona ya pili ina mistari minne myekundu ya bendera ya Katalunya. Mistari hiyo ikapunguzwa kuwa miwili. Minne ilirudi 1949, klabu ilipotimiza miaka 50. Herufi zilisubiri hadi katikati ya miaka ya 1970. Hii inasaidia hata sokoni: anayekuuzia jezi "ya enzi za Kubala", nyota wa zamani wa Barcelona, yenye FCB kifuani amekuuzia kitu cha kubuni, maana Kubala alifika 1950 na alivaa CFB.

Kisha neno "Real". Halina uhusiano wowote na "halisi". Maana yake ni "ya kifalme", na ni heshima iliyotolewa na mfalme: Alfonso XIII aliwapa Real Sociedad mwaka 1910 na Madrid mwaka 1920. Jamhuri ilipotangazwa 1931, mataji ya kifalme yakatolewa kwenye nembo zote. Real Sociedad ikajiita Donostia, jina la mji wa San Sebastián kwa Kibaski, lugha ya Wabaski wa kaskazini mwa Hispania. Madrid ikapoteza taji, na ikachora mstari wa zambarau, rangi ya Castile, ukikatiza nembo mshazari. Mwaka 1941 taji likarudi, lakini mstari haukuondolewa. Angalia nembo ya leo: rangi yake imekuwa ya buluu, ila upo pale pale.

Hapa lazima nigusie ule usemi kwamba Real Madrid ilikuwa "timu ya Franco" na Barcelona "timu ya upinzani". Una ukweli ndani yake. Josep Sunyol, rais wa Barcelona, aliuawa na askari wa Franco Agosti 1936, na kabla ya hapo, Juni 1925 chini ya udikteta wa Primo de Rivera, uwanja wa Barcelona ulifungwa kwa sababu mashabiki waliuzomea wimbo wa taifa. Lakini tazama orodha ya mabingwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936-39. Ligi mbili za kwanza, 1940 na 1941, zilichukuliwa na Atlético ya Madrid, ambayo wakati huo iliitwa Aviación kwa kuwa iliunganishwa na timu ya jeshi la anga. Barcelona ilibeba 1945, 1948, 1949, 1952 na 1953. Real Madrid haikushika ubingwa wa ligi tangu vita viishe hadi 1954. Utawala ulianza kujinufaisha na jina la Madrid kweli kweli pale klabu ilipoanza kutwaa Kombe la Ulaya, kuanzia 1956. Vilevile rais wa Madrid kabla ya vita, Rafael Sánchez Guerra, alikuwa mtu wa Jamhuri na alifungwa jela na Franco. Anayetaka kulisimulia jambo hili kwa sentensi moja atakosea tu.

Utaona pia kwamba vitu vingi vinavyoitwa "vya kwetu" vililetwa na meli. Klabu kongwe zaidi, Recreativo ya Huelva, ilizaliwa Desemba 1889 kati ya Waingereza waliofuata migodi ya Rio Tinto, ndiyo maana inaitwa El Decano, yaani mkubwa wa wote kwa umri. Mechi yake na Sevilla ilichezwa Machi 1890 huko Tablada, na Sevilla wakashinda 2-0. (Ni Sevilla hao hao waliokuja Dar es Salaam Mei 2019 wakaifunga Simba 5-4 Uwanja wa Taifa.) Barcelona iliundwa Novemba 1899 baada ya Mswisi, Hans Gamper, kuweka tangazo kwenye gazeti la michezo akitafuta wachezaji. Mwaka uliofuata wanafunzi wa chuo kikuu wakaona klabu ya mjini mwao imejaa wageni, wakaunda yao ya Wahispania watupu na kuiita Sociedad Española. Hiyo ndiyo Espanyol. Jina lake lilianza kuandikwa kwa tahajia ya Kikatalani mwaka 1995, jambo linaloonyesha kwamba shabiki wa Espanyol anaweza kuwa Mkatalunya kama mwingine yeyote bila kukubali kwamba Barcelona ndiyo Katalunya.

Rangi nyekundu na nyeupe za Bilbao nazo zilinunuliwa. Klabu ilikuwa ikivaa buluu na nyeupe kwa mtindo wa Blackburn. Mwishoni mwa 1909 Juan Elorduy alitumwa Uingereza kuleta jezi nyingine, hakuzipata za kutosha, akajikuta bandarini Southampton na kununua jezi 50 za timu ya pale, zenye milia myekundu na myeupe. Sehemu ya mzigo ikaenda Madrid, kwa tawi lililoanzishwa 1903 na wanafunzi wa Kibaski. Tawi hilo likabaki na kaptula zake za buluu, na leo ni Atlético de Madrid. Jina lao la utani, colchoneros, ni watengeneza magodoro: milia hiyo ilifanana na kitambaa cha magodoro ya siku hizo. Aliyewahi kulalia godoro la sufi lenye kava ya milia hahitaji maelezo zaidi.

Sasa kanuni ya usajili ya Athletic, ambayo naona inaelezwa vibaya karibu kila wiki. Haisemi "damu ya Kibaski". Inasema mchezaji awe amezaliwa, au amelelewa kisoka, katika nchi ya Wabaski: Bizkaia, Gipuzkoa, Araba na Navarra upande wa Hispania, na Lapurdi, Zuberoa na Navarra ya Chini upande wa Ufaransa. Neno la kutazama ni "au". Iñaki Williams alizaliwa Bilbao na mdogo wake Nico akazaliwa Pamplona, wazazi wao wakitoka Ghana. Wote wawili wanaingia moja kwa moja kwa kuzaliwa. Aymeric Laporte alizaliwa Agen, nje ya mipaka hiyo, lakini alipitia Bayonne, iliyomo Lapurdi, kabla ya kuingia timu za vijana za Athletic, kwa hiyo aliingia kwa malezi. Bixente Lizarazu, Mbaski wa upande wa Ufaransa, alisajiliwa 1996. Kanuni hii imeshikiliwa tangu miaka ya 1910, na mipaka yake imekuwa ikipanuliwa kwa tafsiri pole pole.

Timu za vijana Wahispania huziita cantera, yaani machimbo ya mawe. Machimbo ya Athletic yako Lezama, yaliyofunguliwa 1971. Ugumu unaanza pale machimbo yanapokosa aina fulani ya jiwe. Klabu nyingine ikikosa beki wa kati huenda sokoni Brazil au Senegal. Athletic ina labda majina matano ya kuwaza, na kila muuzaji analijua hilo. Ndiyo maana hununua kwa bei ya juu na hukataa kuuza kwa mazungumzo. Hispania, sheria ya 1985 inampa mchezaji haki ya kuvunja mkataba akilipa fidia, kwa hiyo karibu kila mkataba huandikwa kiasi cha kuuvunja. Athletic huwaambia wanunuzi: lipeni chote kilichoandikwa. Januari 2018 Manchester City walilipa euro milioni 65 kwa Laporte. Ndani ya siku chache Athletic ikalipa milioni 32, kiasi kizima cha mkataba, kumchukua Iñigo Martínez kwa jirani zao Real Sociedad. Agosti Chelsea wakatoa milioni 80 kwa kipa Kepa. Fedha zilikuwepo benki, wa kumnunua hayupo. Na hatari kubwa ni mkataba kuisha: Iñigo huyo huyo aliondoka bure kwenda Barcelona 2023.

Pamoja na hayo yote Athletic haijawahi kushuka daraja. Iko peke yake na Real Madrid na Barcelona katika hilo. Aprili 2024 iliifunga Mallorca kwa penalti na kutwaa Kombe la Mfalme, ikatoa ile jahazi yake, La Gabarra, kupita mtoni mjini.

Real Sociedad ilikuwa na kanuni hiyo hiyo na ikaiacha 1989 kwa kumsajili John Aldridge kutoka Liverpool. Kilichovutia ni kwamba mlango ulifunguliwa kwa wageni kwanza. Mhispania asiye Mbaski alisubiri zaidi ya muongo mmoja. Watu wasidhani uhasama wa klabu hizi mbili unafanana na wa Sevilla na Betis. Desemba 5, 1976, bendera ya Wabaski ikiwa bado haramu, manahodha Iribar wa Athletic na Kortabarria wa Real Sociedad waliishika pamoja wakaingia nayo uwanjani Atotxa. Huko Seville mambo ni ya mtaani zaidi. Betis ni jina la Kilatini la mto Guadalquivir unaopita mjini, na kauli ya mashabiki wake, inayoandikwa makusudi kwa lafudhi ya Andalusia, ni "viva er Betis manque pierda": idumu Betis hata ikifungwa.

Umiliki ndiko mambo yalikoharibika. Zamani klabu zote zilikuwa za wanachama, socios, wanaolipa ada na kumchagua rais. Miaka ya 1980 zikazama kwenye madeni, na sheria ya michezo ya Oktoba 1990 ikazilazimisha kuwa kampuni za hisa. Zilizosamehewa ni zile tu zilizoonyesha hesabu zisizo na hasara tangu msimu wa 1985-86: Real Madrid, Barcelona, Athletic na Osasuna. Osasuna ndiyo inayosahaulika. Ni klabu ya Pamplona, ndogo, na jina lake ni neno la Kibaski lenye maana ya afya.

Kuwa ya wanachama hakumaanishi yeyote anaweza kuongoza. Real Madrid wanataka mgombea urais awe Mhispania, awe mwanachama miaka 20 mfululizo, na alete dhamana ya benki ya asilimia 15 ya bajeti. Kadi mfukoni unayo, dhamana huna. Kwa upande wa kampuni, sheria haikuweka kinga kama ile ya Tanzania inayowaachia wanachama asilimia 51, kwa hiyo hisa zilikusanyika polepole mikononi mwa wachache. Málaga ilinunuliwa 2010 na mwanafamilia wa kifalme wa Qatar, Valencia ikaenda kwa Peter Lim wa Singapore 2014, na Mestalla, uwanja wa Valencia, haujatulia mpaka leo.

Sheria hiyo ilikuwa na meno ya ajabu. Kiangazi cha 1995 Sevilla na Celta walichelewesha dhamana na wakashushwa daraja mezani, bila mpira kupigwa. Miji yote miwili ikamwagika barabarani. Shirikisho likarudi nyuma, lakini nafasi zao zilikuwa zimeshapewa Albacete na Valladolid, kwa hiyo ligi ikachezwa na timu 22 kwa misimu miwili. Mwaka 2014 zamu ikawa ya Eibar, klabu ya mji wa watu kama 27,000, isiyo na deni. Ilipanda ligi kuu uwanjani ikaambiwa iongeze mtaji kwa euro 1,724,272 au ishushwe. Tatizo lilikuwa hesabu: mtaji uliotakiwa ulipimwa kwa wastani wa matumizi ya klabu nyingine, zile zenye madeni. Eibar wakauza hisa kwa watu wa nchi nyingi, wakaweka kikomo ili tajiri mmoja asiinunue yote, wakavuka.

Hata kampuni inaweza kurudishwa nyuma na jukwaa, ikibanwa. Nembo ya Atlético ina dubu na mti wa madroño, alama za mji wa Madrid, pamoja na nyota saba. Mwaka 2017 klabu ilibadili mchoro wake kuwa mwepesi zaidi, wa kuuzika. Mashabiki wakailalamikia kwa miaka sita, kura ikapigwa 2023, na wengi mno wakachagua ile ya zamani. Ilirudi rasmi Julai 1, 2024, kwa hiyo jezi za Atlético zenye nembo ile nyepesi ni za misimu saba tu.