Je, wajua kwa nini mfalme wa Israeli alikatazwa kujizidishia farasi?

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 17, imo sheria fupi inayomhusu mfalme ambaye wakati huo Waisraeli hawakuwa naye bado. Inamkataza mambo matatu: asijizidishie wake, asijizidishie mno fedha na dhahabu, na kabla ya hayo mawili, asijizidishie farasi. Makatazo ya wake na ya mali hayahitaji mfafanuzi. La farasi ndilo linalomfanya msomaji asimame kidogo, kwa maana mnyama huyu hatajwi popote kuwa na dhambi yake, wala sheria haisemi neno juu ya mfalme kuwa na punda wengi au ng'ombe wengi.

Jibu linaanzia kwenye kazi ya farasi katika zama zile. Katika nchi za Mashariki ya Kati ya kale, aliyelima alikuwa ng'ombe, na aliyebeba mizigo na wasafiri alikuwa punda. Farasi alifugwa kwa ajili ya vita, na hasa kwa ajili ya kuvuta gari la vita, yaani kigari chepesi cha mbao chenye magurudumu mawili ya spoki, kikivutwa na farasi wawili na kubeba mwendeshaji pamoja na mpiga upinde. Wahiti waliwaongezea hao wawili mtu wa tatu. Majeshi ya Farao Ramesesi wa Pili na ya mfalme wa Wahiti yalipokutana Kadeshi, mnamo mwaka 1274 KK, magari hayo ndiyo yaliyokuwa nguzo ya pande zote mbili. Kwa hiyo mtu aliyesikia habari za mfalme mwenye farasi wengi alisikia kile ambacho sisi leo tungekisikia tukiambiwa kwamba nchi fulani ina vifaru na ndege nyingi za kivita.

Waisraeli waliliogopa gari la vita, na walikuwa na sababu. Wao walikaa milimani na kupigana kwa miguu, ilhali mabonde yalishikwa na watu wenye magari. Kitabu cha Waamuzi kinakiri waziwazi katika sura yake ya kwanza kwamba watu wa Yuda waliitwaa nchi ya vilima lakini hawakuweza kuwafukuza wenyeji wa bondeni, kwa kuwa hao walikuwa na magari ya chuma. Mbele kidogo anatokea Sisera, jemadari wa Yabini mfalme wa Kanaani, mwenye magari 900 ya namna hiyo. (Neno “ya chuma” lisitupotoshe: gari ambalo lote lingekuwa chuma lisingevutika, bila shaka mwili wake ulikuwa wa mbao na chuma kilitumika kwenye viungo na maungio.) Sisera alishindwa karibu na mto Kishoni, na wimbo wa Debora unasema mto ule uliwachukua askari wake. Anayejua jinsi gurudumu jembamba linavyozama katika tope la bonde lililofurika anaweza kupata picha ya kilichotokea, na wimbo wenyewe hauoni haja ya kuchagua kati ya mvua na Mungu, kwa sababu kwa mtunzi wake mvua ilikuwa na Mwenyewe.

Turudi kwenye sheria. Ina sehemu ya pili ambayo wengi huisoma haraka na kuipita: mfalme asiwarudishe watu Misri ili apate kuzidisha farasi. Hapa ndipo ulipo uzito wote. Farasi hakuwa mazao ya milima ya Yuda na Efraimu. Alinunuliwa nje, na Misri ilikuwa mojawapo ya masoko yake makuu. Anayenunua silaha kubwa hanunui kitu kimoja tu. Hununua pia uhusiano na muuzaji, huhitaji mafundi wa muuzaji, na siku muuzaji akikasirika, ghala lake huanza kupungua. Kwa taifa ambalo kumbukumbu yake ya kwanza ni kutoka utumwani Misri, huku magari 600 yaliyochaguliwa ya Farao yakilifuata nyuma hadi baharini, kurudi kwa Farao kununua magari yale yale kulikuwa ni kuurudia utumwa kwa mlango wa soko. Sheria haijadili kama farasi wanafaa vitani. Inafahamu kwamba wanafaa, na kufaa kwao ndiko kunakovuta moyo wa mfalme uwategemee.

Kisha kuna gharama. Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 10, kinataja bei katika siku za Sulemani: gari kutoka Misri kwa shekeli 600 za fedha, na farasi kwa shekeli 150. Ili kuipima bei hiyo, tukumbuke kwamba katika Kutoka 21 fidia ya mtumwa aliyeuawa kwa pembe za ng'ombe ni shekeli 30, na kwamba nabii Yeremia, katika zama nyingine na wakati ambapo mji ulikuwa umezingirwa, alinunua shamba kwa shekeli 17. Sulemani alikuwa na magari 1,400 na wapanda farasi 12,000, akajenga miji ya kuyaweka magari hayo, na shayiri na majani ya farasi yakawa yanapelekwa kwa zamu na maakida wake. Mzigo huo ulibebwa na nani? Samweli alikuwa amekwisha kujibu miaka mingi kabla, watu walipomlilia awape mfalme: atawatwaa wana wenu, alisema, na kuwaweka katika magari yake, na wengine watapiga mbio mbele ya magari hayo. Silaha iliyonunuliwa ili kuwalinda watu ikaanza kwa kuwala watu wenyewe.

Na ndiyo maana sheria ile inamalizia kwa kutaja moyo wa mfalme usiinuke juu ya ndugu zake. Absalomu, mwana wa Daudi, alipotaka kukinyakua kiti cha baba yake, hakuanza kwa hotuba. Alianza kwa kujiwekea gari na farasi, na watu 50 wa kupiga mbio mbele yake. Adui hakuwapo mlangoni. Gari lilikuwa la kuonekana.

Kabla ya Sulemani desturi ilikuwa nyingine, na kwa kweli ilikuwa kali. Baada ya vita vya maji ya Meromu, Yoshua aliwakata farasi wa adui mishipa ya miguu na kuyachoma magari kwa moto. Daudi naye alipomshinda Hadadezeri mfalme wa Soba aliwafanyia farasi vivyo hivyo, isipokuwa alijibakizia wa kutosha magari 100. Msomaji wa leo humwonea huruma mnyama, na ni haki yake. Lakini tutazame pia upande wa kijeshi wa kitendo hicho: mshindi anashika mkononi silaha bora kuliko zote za zama zake, naye anaiharibu badala ya kuingia nayo vitani kesho yake. Mimi binafsi macho yangu hutua kwenye yale 100 ya Daudi. Mwandishi wa kitabu hayalaumu wala hayasifu, anayataja tu; ila baada ya kizazi kimoja yalikuwa yamefika 1,400, na karne moja baadaye jiwe la Shalmaneseri wa Tatu, mfalme wa Ashuru, linapoorodhesha maadui aliokutana nao Karkari mwaka 853 KK, linamhesabia Ahabu wa Israeli magari 2,000, idadi ambayo baadhi ya wataalamu huiona imekuzwa.

Je, basi imani ilimaanisha mikono mitupu? Hapana, na hapa ndipo maelezo mengi ya wahubiri huteleza. Daudi aliyevua mavazi ya vita ya Sauli hakumwendea Goliathi bila silaha. Alikwenda na kombeo, na kombeo halikuwa mchezo wa watoto: Waamuzi 20 inawataja watu 700 wa kabila la Benyamini walioweza kurusha jiwe kwa kulenga unywele wasikose. Alichokikataa Daudi ni silaha ya mtu mwingine ambayo hakuwa ameijaribu. Gideoni naye, ambaye jeshi lake lilipunguzwa kutoka watu 32,000 hadi 300, alipewa sababu ya kupunguzwa huko, nayo haikuwa kwamba askari ni wabaya. Ilikuwa kwamba wakiwa wengi watasema mkono wao wenyewe ndio uliowaokoa. Zaburi ya 20 inalieleza jambo hilo kwa kitenzi kimoja chenye uzito: “Hawa wanataja magari na hawa farasi, bali sisi tutalitaja jina la BWANA, Mungu wetu.” Kinachopimwa ni kile ambacho mtu hukitaja anapoulizwa usalama wake umetoka wapi.

Kipimo hicho kilimfikia Hezekia, mfalme wa Yuda, mwaka 701 KK, Senakeribu wa Ashuru alipoivamia nchi yake. Hezekia hakukaa kimya akisubiri. Aliimarisha kuta, akatengeneza silaha na ngao nyingi, na akachimbisha mfereji wa chini ya mwamba wenye urefu wa mita 533 hivi, unaopeleka maji ya chemchemi ya Gihoni hadi birika la Siloamu, ndani ya mji. Mfereji huo upo Yerusalemu hadi leo, na maandishi ya Kiebrania yaliyochongwa ndani yake yaligunduliwa mwaka 1880. Nabii Isaya aliyaona matayarisho ya aina hiyo na kuyasema kwa ukali, ila tuangalie anachokisema: mmezitazama silaha, mmezihesabu nyumba na kuzibomoa ili kuutia nguvu ukuta, mmetengeneza birika la maji, lakini hamkumwangalia yeye aliyeyafanya hayo. Hasemi birika lifukiwe. Ghadhabu yake kubwa ameiweka akiba kwa wale watelemkao kwenda Misri kutegemea farasi, akiwakumbusha kwamba Wamisri ni wanadamu wala si Mungu, na farasi wao ni nyama wala si roho.

Ajabu ni kwamba amiri wa Ashuru, aliposimama nje ya ukuta, alisema jambo lile lile kwa kebehi: Misri ni mwanzi uliopondeka, utamchoma mkono kila aegemeaye, na kama mwataka farasi, mimi nitawapa 2,000, mkiweza kupata watu wa kuwapanda. Adui na nabii walikuwa wameuona udhaifu ule ule. Kumbukumbu za Senakeribu mwenyewe zinajivuna kwamba aliiteka miji 46 ya Yuda na kumfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege tunduni, na kwamba alipokea kodi nzito. Hazisemi kwamba aliuteka mji.

Msomaji Mwislamu anaweza kuuliza hapa: mbona Kurani, katika Suratul Anfal aya ya 60, inaamrisha kinyume, waumini wawaandalie maadui nguvu kadiri wawezavyo pamoja na farasi waliofungwa tayari? Ni kweli, amri ni nyingine, na haifai kulainishwa ili mambo yaonekane sawa. Lakini hofu iliyo nyuma yake ni jirani sana na ile ya Torati. Vita vya Badri, mwaka 624, Waislamu wapatao 300 na kidogo waliwashinda Wakuraishi wanaokadiriwa kuwa 1,000. Miaka sita baadaye, huko Hunayni, walikuwa 12,000, wakazomewa na Kurani yenyewe katika Suratut Tawba kwamba wingi wao uliwapendeza, wala haukuwafaa kitu. Mtume ambaye amepokewa akivaa deraya mbili siku ya Uhudi ndiye pia aliyepokewa na Tirmidhi akimjibu mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake huru na kutawakali: mfunge, kisha tawakali. Mpangilio wa vitenzi hivyo viwili umewashughulisha wanazuoni karne nyingi, kwa sababu hakuna kati yake kinachoruhusiwa kumfukuza mwenzake.

Ndani ya Biblia, mahali ambapo swali hili linabaki wazi kuliko pote ni katika vitabu viwili vinavyofuatana. Kwa hesabu iliyozoeleka, Ezra alisafiri kutoka Babeli kwenda Yerusalemu mwaka 458 KK, na Nehemia akasafiri kutoka Shushani mwaka 445 KK, wote kwa ruhusa ya mfalme mmoja, Artashasta wa Uajemi. Nehemia anaandika bila aibu kwamba mfalme alimpa maakida wa jeshi na wapanda farasi wa kumsindikiza. Alipofika na kuanza kujenga ukuta, waliomwomba Mungu waliweka pia walinzi mchana na usiku, na wachukuzi wa mizigo walifanya kazi kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika silaha.

Ezra alikuwa amefanya vingine. Anakiri kwamba aliona haya kumwomba mfalme kikosi cha askari na wapanda farasi, kwa kuwa alikwisha kumwambia mfalme kwamba mkono wa Mungu uko juu ya wote wamtafutao. Neno “haya” hapo ni la ukweli mtupu: alikuwa ameahidi kwa mdomo wake, na sasa njia ilikuwa mbele yake, ina maadui na waviziaji, na msafara wake una watoto, na mizigo yake ni talanta 650 za fedha, ambazo ni karibu tani 20, mbali na talanta 100 za dhahabu. Alitangaza mfungo kando ya mto Ahava, wakaondoka siku ya kumi na mbili ya mwezi wa kwanza, wakafika Yerusalemu mwezi wa tano. Walipumzika siku tatu. Siku ya nne fedha, dhahabu na vyombo vilipimwa katika nyumba ya Mungu, kila kimoja kwa hesabu na kwa uzani, na uzani wote ukaandikwa.