Antena Isiyogeuka Inavyoifuata Setilaiti

Tangu antena bapa za intaneti zianze kuonekana juu ya mapaa, watu wengi wanauliza kama dishi limepitwa na wakati. Halijapitwa. Kilichobadilika ni namna ya kufanya kazi moja ngumu ya antena ya ardhini, nayo ni kulenga. Anayetaka kununua kifaa cha aina yoyote kati ya hivi aielewe kazi hiyo kabla ya kutoa fedha zake.

Setilaiti nyingi za televisheni ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Huko juu huizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia hujizungusha, hivyo kwetu sisi huonekana zimesimama. Fundi huelekeza dishi mara moja, hukaza boliti, akateremka. Setilaiti za chini, zilizo katika kimo cha kilomita 550 hivi, hazikai. Hukimbia takriban kilomita 7.6 kwa sekunde na hukatiza anga lako kwa dakika chache. Faida yake ni ukaribu. Mawimbi huchukua robo sekunde hivi kupanda hadi setilaiti ya juu na kushuka, ndiyo maana wanaozungumza kwa njia hiyo hukatizana maneno. Kwa setilaiti ya chini, safari hiyo ni sehemu chache tu za elfu za sekunde.

Kufuata setilaiti inayokimbia hakukuanza leo. Mwaka 1962, ili kuwasiliana na setilaiti ya Telstar, kituo cha Goonhilly nchini Uingereza kilijengewa dishi lenye kipenyo cha karibu mita 26 na uzito wa zaidi ya tani 1,000. Chuma chote hicho kiligeuzwa kwa mota, taratibu na kwa usahihi mkubwa, kwa dakika 20 hivi ambazo setilaiti ilionekana kutoka pande zote mbili za Atlantiki.

Antena bapa haigeuzi chuma. Ndani yake mna mamia ya antena ndogondogo zilizopangwa safu kwa safu, na mawimbi ya kila moja hucheleweshwa kidogo kuliko ya jirani yake. Chukua masafa ya gigahezi 12, ambayo wimbi lake lina urefu wa sentimita 2.5. Antena mbili jirani zikitengana sentimita 1.25, na ukitaka mwale wa mawimbi uiname nyuzi 30 kutoka wima, ya pili inatakiwa ichelewe kwa sehemu 21 hivi za trilioni moja za sekunde. Basi. Mawimbi huimarishana upande huo na kufutana kwingine. Ukibadilisha ucheleweshaji, mwale unahamia kwingine papo hapo, na hakuna skrubu iliyosogea. Rada za kijeshi zimetumia mbinu hii kwa miongo mingi. Kilichoifikisha kwenye mapaa ya nyumba ni chipu za bei nafuu. Kwangu mimi hapo ndipo penye hatua kubwa zaidi.

Hata hivyo, ubapa una gharama yake. Setilaiti ikiwa nyuzi 60 kutoka wima wa paneli, eneo linalopokea mawimbi hubaki nusu, kwa kuwa paneli inatazamwa kwa upande. Umeme nao: antena bapa hula makumi ya wati, ilhali LNB, kile kifaa kidogo cha kupokea mawimbi kilicho mbele ya dishi la televisheni, hutosheka na wati chache. Dishi bado lina kazi yake: NASA huwasiliana na vyombo vya anga vilivyo mbali sana kwa madishi ya mita 70 huko Goldstone nchini Marekani, Madrid na Canberra.

Kwenye kufunga, mahitaji yanatofautiana. Dishi la sentimita 60 katika masafa hayohayo ya gigahezi 12 lina mwale wa nyuzi 3 hivi tu, kwa hiyo nguzo ikipinda kidogo picha inakatika. Lakini linahitaji njia moja tu iliyo wazi kuelekea setilaiti yake. Antena bapa inahitaji sehemu pana ya anga. Mti mmoja upande mmoja wa nyumba unatosha kukata mawasiliano kwa sekunde kadhaa kila setilaiti inapopita nyuma yake, na mteja akadhani mtandao ni mbovu. Kabla ya kutoboa paa, simama pale antena itakapokaa uangalie juu pande zote. Ukiona matawi, tafuta mahali pengine au uinue nguzo.