Udongo ulio chini ya Nairobi, na maji yanayouamsha

Jumanne tarehe 17 Julai 2007, yapata saa kumi na moja jioni, nilikuwa ghorofa ya tano ya jengo moja katikati ya jiji. Nilikuwa mwanafunzi wa jiolojia, nimetumwa kuchukua ramani. Chai ikaanza kucheza kikombeni, kisha kabati la faili likagonga ukuta mara mbili. Kila mtu akakimbilia ngazi, nami nikiwemo. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu aliteleza akaanguka, na watu wakaendelea kushuka wakimpita. Aliumia vibaya kifundo cha mguu. Jengo lenyewe halikupata hata ufa.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi tangu nianze kazi hii ya kupima ardhi kabla watu hawajajenga. Tetemeko halikumdhuru yule mama. Kilichomdhuru ni ngazi na sisi tuliokuwa juu yake.

Tetemeko lile lilikuwa la ukubwa wa 5.9, na chanzo chake hakikuwa hata Kenya. Lilitokea chini ya mlima Gelai, karibu na Ziwa Natron kaskazini mwa Tanzania, takriban kilomita 180 kutoka Nairobi. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikuwa ikijipenyeza kwenye ufa mrefu chini ya ardhi na kuisukuma miamba huku na huku. Kila miamba ilipokatika, sisi huku tulitikisika, na ndiyo sababu tulisikia mitikisiko kadhaa wiki ile. Pale Gelai magma haikufika juu. Lakini Septemba mwaka huohuo jirani yake, mlima wa volkeno Ol Doinyo Lengai, ulilipuka na kurusha majivu.

Sisi wa Nairobi tunaishi ukingoni mwa Bonde la Ufa. Ukisimama juu ya vilima vya Ngong ukatazama magharibi, unaliona: ardhi inashuka ngazi kwa ngazi mpaka chini kabisa. Mwingereza John Walter Gregory alilipita mwaka 1893 akaeleza kwamba bonde hili halikuchongwa na mto. Ardhi ilivutwa pande mbili, na sehemu ya katikati ikadidimia kati ya nyufa. Bado inavutwa, milimita chache tu kwa mwaka, pungufu ya kiasi ambacho kucha zako hukua kwa miezi miwili. Kwa hiyo abiria wenzangu kwenye matatu wanaponiuliza Kenya itapasuka lini, huwajibu kwamba inapasuka sasa hivi, na kwamba vitukuu vya vitukuu vyao hawataona tofauti kwa macho.

Mwendo wa polepole haumaanishi hakuna hatari. Miamba huvumilia, huvumilia, kisha hukatika siku moja. Tarehe 6 Januari 1928 ilikatika kule Subukia, ukubwa wa 6.9, na ardhi ikapasuka juu kwa urefu wa zaidi ya kilomita 30. Hilo ndilo tetemeko kubwa zaidi linalojulikana nchini tangu vipimo vianze. Watu walikuwa wachache na nyumba zilikuwa nyepesi. Leo ukanda huohuo una Nakuru, una Naivasha, una maghorofa.

Hapa ndipo ninapopata wasiwasi wa kweli. Tunacho kituo cha kupimia mitetemo pale Kilima Mbogo, na tangu 1973 Kenya ina kanuni za ujenzi zinazozingatia matetemeko. Lakini pita barabara yoyote ya Eastlands uangalie ghorofa mpya: chini ni maduka, hakuna kuta, ni nguzo nyembamba tu, juu yake sakafu sita za kuta nzito za mawe. Jengo la namna hiyo likisukumwa kwa ubavu, sakafu ya chini ndiyo hulegea kwanza. Na tusisahau kwamba usiku wa mvua wa tarehe 29 Aprili 2016 ghorofa lililokuwa karibu na mto kule Huruma liliporomoka na kuua zaidi ya watu 45. Siku hiyo ardhi haikutetemeka hata kidogo.

Basi ardhi ikitikisika ukiwa ndani, usikimbilie ngazi wala lifti. Inama, ingia chini ya meza imara, shika mguu wake, kinga kichwa na shingo mpaka itulie. Kama hakuna meza, jikunje kando ya ukuta wa ndani, mbali na madirisha na kabati refu. Kama uko nje, baki nje, na ujiepushe na kuta za mawe zisizo na nguzo, mabango na nyaya za umeme. Ikitulia, zima gesi, ndipo utoke kwa utaratibu. Tarajia mitikisiko mingine midogo. Kitu ambacho ningetamani kila mpangaji akifanye wikendi hii ni kufunga kabati la vyombo na la televisheni ukutani kwa skrubu, hasa juu ya kitanda cha mtoto. Kazi ya nusu saa.

Sasa nizungumzie ule ufa wa Suswa, kwa sababu bado ninaulizwa. Machi 2018 barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilikatwa na bonde refu lililotokea ghafla, na picha zake zikazunguka dunia nzima zikisindikizwa na maneno kwamba Afrika inagawanyika. Siyo. Eneo lile limefunikwa na majivu ya volkeno ya kale, udongo mwepesi unaokandika kama unga. Maji ya mvua huzama ndani yake, hupata njia chini kwa chini, na kila mwaka huondoka na kiasi cha udongo. Juu unaona nyasi na mahindi, kumbe chini kuna handaki. Mvua kubwa zikanyesha, paa la handaki likaanguka. Nyufa za kale za Bonde la Ufa zinaweza kuwa zimeyaonyesha maji njia, hilo nakubali, lakini kazi ilifanywa na maji.

Kwa nini najali tofauti hii? Kwa sababu mtu anayeamini bara linapasuka hukaa akimwomba Mungu, na mtu anayejua ni maji huanza kuangalia yanakopotelea. Shamba likiwa na mahali ambapo mkondo wa maji ya mvua unaingia ardhini na kutoweka, au ardhi inabonyea mstari mmoja mrefu, usijenge hapo, na usiruhusu watoto wachezee hapo.

Maporomoko ya ardhi nayo huua watu wengi kuliko matetemeko katika nchi yetu. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019, milima ya Pokot Magharibi iliporomoka juu ya vijiji vya Nyarkulian, Parua na Muino, na zaidi ya watu 40 wakafa. Murang'a wanalijua jambo hili tangu zamani. Udongo mwekundu wa kule ni mnene na umekaa juu ya mwamba. Mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo, maji hujaa kati ya chembe za udongo na kuzitenganisha, uzito unaongezeka, na mshiko wa udongo kwenye mwamba unakwisha. Ukiwa umekata mlima ili kupata uwanja wa nyumba, au umeng'oa miti iliyokuwa imeshika udongo kwa mizizi, umeirahisishia kazi.

Mlima hutoa dalili kabla ya kuporomoka. Nyufa zenye umbo la mwezi mchanga juu ya mteremko. Miti na nguzo za stima zinazoanza kuinama. Chemchemi mpya mahali ambapo hapakuwa na maji, au chemchemi ya zamani inayokuja na matope. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama. Ukiona mto umepungua maji ghafla huku mvua inanyesha, ondoka mara moja upande juu, pembeni mwa bonde, kwa sababu kuna kitu kimeuziba huko juu na kitaachia. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, kule Kamuchiri karibu na Mai Mahiu, maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli baada ya njia yake kuzibwa na takataka na matope. Tuta lilipoachia, zaidi ya watu 50 walikufa, wengi wakiwa usingizini. Kama unalala chini ya mteremko na mvua imenyesha kwa siku tatu bila kukoma, kalale kwa ndugu. Hakuna aibu kurudi asubuhi ukaikuta nyumba imesimama.

Kuhusu volkeno nitasema machache. Longonot iko kilomita 60 hivi kutoka jijini na haijazimika kabisa. Vipimo vya setilaiti vilionyesha kwamba kati ya 2004 na 2006 iliinuka sentimita 9 hivi, kisha ikatulia. Inapumua, tuseme, na inafaa iangaliwe. Lakini urithi wa volkeno unaowagusa watu wa Nairobi kila siku uko kwenye maji. Miamba ya volkeno hutoa floraidi, na baadhi ya visima virefu vya jiji na viunga vyake vina floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ndiyo chanzo cha yale meno ya kahawia kwa watoto waliokulia kwenye maji hayo, na ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu mifupa. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki. Peleka maji ya kisima maabara kabla ya kumchanganyia mtoto uji, na kama yamezidi, mpe maji ya mvua yaliyovunwa vizuri.

Nimeacha udongo mweusi mwisho kwa sababu ndio unaonipa simu nyingi zaidi, ule mafundi wanaouita blakikotoni. Nairobi ina miji miwili chini ya miguu yetu. Magharibi na kaskazini, Kabete, Karen, Westlands, ardhi ina mwinuko, maji hutiririka, na mwamba wa volkeno ulioozea hapo umegeuka udongo mwekundu mtulivu. Mashariki na kusini, Embakasi, Kitengela, Kamulu, ni tambarare. Maji hukaa, na miamba ya asili hiyohiyo imezaa udongo mfinyanzi mweusi ambao hunywa maji na kuvimba, kisha jua likiwaka husinyaa na kupasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono.

Watu hudhani nyumba ndogo iko salama kuliko kubwa. Kwenye udongo huu ni kinyume. Ghorofa lina uzito wa kuukandamiza na kwa kawaida msingi wake hufika kwenye mwamba. Nyumba ya vyumba vitatu isiyo na ghorofa huinuliwa kama kifuniko cha sufuria juu ya uji unaochemka. Na haiinuliwi sawasawa. Katikati, chini ya sakafu, unyevu haubadiliki sana, lakini pembeni udongo unalowa na kukauka kila msimu. Kona zinapanda na kushuka, katikati imetulia, na ukuta unakatika kimshazari kuanzia pembe ya dirisha.

Mwalimu mmoja mstaafu aliyejenga upande wa Kamulu alinipigia simu miaka kadhaa iliyopita. "Mwanangu," aliniambia, "nyumba yangu inaongea usiku." Nilipofika nilielewa. Mlango wa chumba cha kulala ulikwama kila masika na kulegea kila kiangazi, nayo nyufa za sebuleni zilikuwa zimezibwa na kupakwa rangi mara tatu. Mjenzi alikuwa ameanzisha msingi futi mbili ndani ya udongo mweusi badala ya kuuchimba wote na kuuondoa mpaka kwenye mwamba au murram, kisha kujaza mawe na murram iliyoshindiliwa. Hayo ndiyo yaliyopaswa kufanywa mwanzoni, na kuyafanya baadaye kunagharimu karibu sawa na kujenga upya. Kama hujajenga, chimba mashimo matatu ya majaribio kwenye ploti yako, kwani kina cha udongo huu hutofautiana hata hatua ishirini kutoka hapa hadi pale.

"Sasa nitafanya nini, mwanangu? Pensheni ndiyo hii."

"Mwalimu, tuanze na maji," nikamwambia.

Tangi lake lilikuwa likifurika kwenye kona ileile iliyopasuka zaidi. Shimo la maji machafu lilikuwa hatua nne tu kutoka ukutani. Paa halikuwa na mifereji. Tulihamisha tangi, tukachimba shimo jipya mbali upande wa chini, tukaweka mifereji, na fundi akamwaga zege upana wa mita moja na nusu kuizunguka nyumba, likiinama kuelekea nje. Alitaka pia kuukata mkalitusi uliokuwa karibu na jikoni. Nikamwomba asubiri, kwa sababu mti mkubwa unakausha udongo, na ukiuondoa ghafla udongo huo utakunywa maji yote uliyokuwa ukinyimwa na kuvimba zaidi. Tuliupunguza matawi kidogo kidogo.

Kisha nikampa penseli. Kila mwanzo wa mwezi apige mstari mwishoni mwa kila ufa na kuandika tarehe, kwa mwandiko uleule aliotumia ubaoni miaka thelathini. Masika yaliyofuata ufa wa sebuleni ulirefuka kidogo. Vuli haukusogea. Masika ya pili pia haukusogea. Juzi alinipigia kusema mwanawe amekuja na ndoo ya rangi ya krimu anataka kuupendezesha ukuta, naye amemkatalia, amemwambia asubiri mvua moja zaidi.