Turubai halimnyamazishi jogoo

Juzi nimeitwa Mikanjuni saa tatu asubuhi. Mitetea 14 walilala wazima. Nilipofika, 9 walikuwa wameshakufa na 5 waliobaki wanahema midomo wazi, mabawa wameyaachia. "Bwana mifugo, ndio kideri hiki?" Hakikuwa kideri. Banda lilikuwa limefunikwa turubai la bluu pande zote nne, limekazwa kamba kama mzigo juu ya basi la Lushoto. Jirani alilalamikia kelele za alfajiri, mtu akampa mwenye kuku ushauri: watie giza, watadhani bado usiku.

Mwezi wa pili, Tanga, kuku hana jasho, hewa haipiti. Hesabu mwenyewe.

Tangu kaskazi ianze hii ni mara ya nne, na nimechoka kuieleza nimesimama mlangoni na mabuti miguuni. Naiandika hapa ili wa tano nimtumie tu kwenye simu.

Kinachoniudhi ni kwamba habari hii ya giza ni kweli nusu. Ingekuwa uongo mtupu ingeshakufa. Kuku gizani haoni kitu. Mtetea aliye juu ya kichanja, hakuna mwanga, hashuki, hazunguki, hana la kusema. Kwa hiyo mwenye mitetea mitupu akifunika banda anapata kimya mpaka saa moja, kisha anatangaza mtaa mzima. Anayemsikiliza ana jogoo. Naye anafunika. Saa kumi kasorobo jogoo anawika ndani ya turubai kana kwamba amelipiwa.

Jogoo hachungulii nje kujua saa. Saa anayo mwilini. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Nagoya kule Japani, Shimmura na Yoshimura, walionyesha mwaka 2013 kwamba majogoo wakiwekwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika usiku wala mchana, wanaendelea kuwika kwa mzunguko wao, kila baada ya saa 23.7 hivi. Waliowekewa mchana wa saa 12 na usiku wa saa 12 walianza kuwika kama saa 2 kabla taa hazijawashwa. Mwanga unamchochea, na sauti ya jogoo mwenzake pia, ila vinamchochea zaidi alfajiri, saa ya ndani inapokuwa imekaribia. Turubai lako, basi, limeondoa kichocheo kimoja. Saa imebaki, na jogoo wa barabara ya pili amebaki, anasikika vizuri kabisa. Jogoo akiwika umbali wa mita 1 kutoka sikioni mwako sauti inapita desibeli 100. Turubai hilo mvua yenyewe linaizuia kwa shida.

Mwaka 2015 Wajapani hao wakaongeza jambo ninalolipenda zaidi: kwenye kundi, jogoo mwenye cheo ndiye anayeanza, wengine wanafuata kwa ngazi. Akiondolewa, wa pili anashika zamu.

Zamani nilikuwa naicheka methali ya jogoo la shamba kutowika mjini. Aliyewahi kulala Makorora, hapa Tanga mjini, usiku mmoja anajua kwamba majogoo wa Muheza na Pangani wameshahamia mjini na wanawika bila aibu. Siku hizi siicheki. Mlete jogoo mgeni uani penye jogoo mwenyeji, umwangalie wiki nzima. Amenywea, anakula pembeni, sauti hana. Waliotunga methali walikuwa wanamsema binadamu, lakini kwanza walikaa barazani wakawatazama kuku sawasawa. Tena kuna funzo la bandani hapo: unachinja jogoo mkubwa Ijumaa ukidhani umemaliza kesi na jirani, Jumapili pora, jogoo kijana ambaye hujawahi kumsikia, anapasua anga. Nimewahi kuulizwa kama ni mambo ya kishirikina. Si ushirikina, ni cheo kimepata mtu. Ukiamua majogoo watoke, watoke wote, mapora nao. Na hapana, mitetea hawataacha kutaga. Yai halihitaji jogoo, kifaranga ndiye anayemhitaji. Sitaeleza zaidi ya hapo, nimeeleza tangu nimetoka chuo cha mifugo Buhuri.

(Mikanda ya kumbana jogoo shingo asiwike: usiniulize. Kumlaza kwenye boksi la dari fupi asiweze kunyoosha shingo kunasaidia, lakini kwa joto letu silipendi, na boksi lisilo na matundu mengi ni turubai lile lile.)

Sasa mitetea wenyewe, maana wengi mnaoniandikia hamna jogoo na bado mnagombana na majirani. Jina lao linajieleza, mtetea anatetea. Lakini mtu akiniambia "kuku wangu wana kelele alfajiri" nakuwa sijaambiwa kitu. Swali langu la kwanza ni: saa ngapi?

Wakipiga kelele saa tisa au saa kumi, kiza bado, hiyo si njaa wala si yai. Kuna kitu kimeingia. Paka, kicheche, fungo, nyoka, siafu. Au, na hili watu hawalitaki kwa sababu ni kazi, utitiri. Mchana unajificha kwenye nyufa za kichanja, usiku unatoka kunyonya damu. Kuku anajikuna, anahama, anamkanyaga mwenzake, mwenzake analalamika, basi banda zima limeamka. Nenda saa tatu usiku na tochi, pitisha kitambaa cheupe chini ya fito wanazolalia. Kikitoka na madoa mekundu yanayotembea, umepata mchawi wako. Ng'oa fito, zimwagie maji yanayochemka, ziba nyufa, rudia baada ya wiki moja. Na kabla ya yote angalia taa ya ulinzi, yako au ya jirani anayelalamika. Nimekuta taa nyeupe ya nguvu imelimulika banda usiku kucha, halafu mwenye taa ndiye aliyekwenda kwa mjumbe.

Wakianza kunapopambazuka, ni kesi nyingine kabisa. Hapo kuna mambo matatu yamechanganyika.

Moja umelifundisha mwenyewe. Mtetea analia, unatoka na kanga au msuli kumwekea pumba anyamaze. Kesho analia dakika kumi mapema. Kuku si mjinga wa kiasi mnachodhani. Ameona kelele inaleta chakula. Acha chakula na maji ndani tangu jioni, wape mahindi punje wakati wa kulala maana yanakaa tumboni kuliko pumba, na mlango ufunguliwe saa ile ile kila siku, wakiwa kimya. Siku chache za kwanza zitakuwa mbaya zaidi. Mwombe jirani radhi mapema.

La pili ni kunguru. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wenyeji, asili yao India, waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wakasambaa pwani yote. Wanaamka mapema, wanataka mayai na vifaranga. Mtetea akimwona juu ya bati anatoa mlio wa hatari ya angani, na huo haufanani na mlio wa hatari ya ardhini. Ukikaa na kuku mwezi utaitofautisha milio hiyo. Weka wavu juu ya uwanja, okota mayai mapema.

La tatu ni viota, na hapa ndipo ninapopoteza asubuhi zangu. Vitabu vinasema kiota 1 kwa mitetea 4 au 5. Sawa. Vitabu havisemi kwamba utaweka viota vinne vinavyofanana, maranda yale yale, giza lile lile, na wote watakitaka kimoja. Wanapanga foleni, aliye nje anamzomea aliye ndani, aliye ndani anajibu. Nimehamisha viota, nimebadilisha ndoo kwa tenga, nimeweka mayai ya plastiki kwenye vile vinavyosuswa. Mara inasaidia, mara haisaidii, na sijaona mpangilio.

Halafu akishataga anatangaza. Kwa nini atangaze mahali alipoficha yai? Wengine wanasema anamvuta adui mbali na kiota, wengine anamwita jogoo amrudishe kundini. Mimi naona mitetea wasio na jogoo wanatangaza vile vile, wamekaa juu ya kiota, adui hayupo. Hakuna maelezo yaliyoniridhisha. Uzuri ni kwamba tangazo linaisha baada ya dakika chache.

Sasa giza, kwa wanaolitaka bado. Mitetea mitupu giza linawafaa, ila lazima upepo upite. Pwani yetu ina mtego: jua linatoka upande wa bahari, na upepo nao, kaskazi au kusi, unatoka huko huko. Ukiziba mashariki umezuia vyote viwili. Ninachofanya kwangu ni pazia la makuti, limening'inizwa nje ya wavu kwa nafasi ya mkono mzima, limeshuka chini kuliko dirisha. Mwanga unagonga makuti, upepo unapita chini na pembeni. Upande wa magharibi nimeuacha wazi. Nimepata kama nusu saa ya kimya zaidi. Nusu saa tu, na jirani yangu nampelekea nusu trei ya mayai kila mwezi, na nadhani mayai ndiyo yanayofanya kazi kubwa kuliko makuti.

Haya yote nilimweleza yule mama wa Mikanjuni, taratibu, mpaka saa sita. Alinishukuru, akanipa maji ya madafu, nikaondoka. Jioni simu ikaita.

"Shikamoo bwana mifugo. Eti, na nikilitoboa matundu?"